Tiba ya Kichina na Upungufu wa Vitamini: Tuchukue Nini, Tuache Nini

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa lishe wa Idara ya Afya ya Kaunti katika baraza la wananchi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)

 

Leo nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa mara kwa mara kliniki: je, dawa za Kichina zinaweza kutibu upungufu wa vitamini? Swali hili ni zito. Katika miji yetu zipo kliniki na maduka ya dawa za Kichina, na wapo wachuuzi wanaopita na makopo na pakiti zenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Mtu akilalamika kwamba anachoka, miguu inamwaka moto, haoni vizuri jioni, au mtoto wake hakui, huambiwa kuna kitu kimempungukia mwilini na kwamba kopo hili litakirudisha.

Sikuja kuwadharau Wachina wala tiba yao. Ni tiba kongwe na ina mengi ya kutufunza. Nimekuja kueleza mambo matatu: tiba hiyo inasema nini hasa, ilipatia wapi na kukosea wapi, na sisi tufanye nini majumbani mwetu.

Neno moja, maana mbili

Kwanza tuelewe kwamba tiba ya jadi ya Kichina haina neno vitamini. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1912 na mwanasayansi Casimir Funk. Wakati huo tiba ya Kichina ilikuwa imekaa vitabuni kwa takriban miaka elfu mbili. Matabibu wake hawakuwa na maabara. Walitazama ulimi wa mgonjwa, wakashika mshipa wa mkono, wakauliza habari za usingizi, choo na hamu ya chakula. Kisha wakaamua ni nini kimezidi mwilini na nini kimepungua.

Ndiyo maana katika tiba hiyo utasikia habari za upungufu wa damu, upungufu wa figo, upungufu wa wengu, au upungufu wa qi, yaani ile nguvu ya uhai ambayo wao huamini inazunguka mwilini. Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa sababu maneno yanafanana na yale ya hospitali lakini maana zake ni tofauti.

Chukueni upungufu wa damu. Kwa tabibu wa Kichina, maana yake ni kwamba damu haitoshi kulisha macho, ngozi na kucha na kumtuliza mtu apate usingizi. Yeye huitambua hali hiyo kwa ulimi na mshipa. Katika zahanati, upungufu wa damu ni kipimo. Tunapima hemoglobini, na kwa mama mjamzito tunaanza kuwa na wasiwasi ikiwa kwa kawaida iko chini ya gramu 11 kwa kila desilita ya damu. Mtu anaweza kuwa na hali moja bila kuwa na ile nyingine. Mama anaweza kuambiwa damu yake imepungua, akatumia pesa nyingi, kumbe hemoglobini yake ni nzuri. Lililo baya zaidi, anaweza kuambiwa shida yake ni wengu tu, kumbe hemoglobini imeshuka hadi 7 na siku za kujifungua zimekaribia. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu wakati wa kujifungua, hata kiasi ambacho mwingine angekihimili, maisha yake yako hatarini.

Figo nazo ni vivyo hivyo. Mtu akiambiwa na tabibu wa Kichina kwamba ana upungufu wa figo, mara nyingi anazungumziwa uchovu, maumivu ya kiuno au kupungua kwa nguvu. Haina maana kwamba figo zake zimeacha kuchuja damu. Wapo wanaorudi nyumbani wakilia kwamba wana ugonjwa wa figo, na wapo wenye ugonjwa halisi wa figo wanaodhani kopo limewaponya. Ukiambiwa neno upungufu, uliza: umepimwa kwa nini, na kipimo kimesema nini?

Walipopatia

Sasa nieleze mahali ambapo matabibu hao wa kale walipatia, kwa kuwa haki lazima itolewe.

Mwaka 610, tabibu aitwaye Chao Yuanfang aliandika kuhusu watu wanaoona vizuri mchana lakini jua likitua hawaoni kitu. Hali hiyo iliitwa macho ya shomoro, kwa kuwa shomoro naye haoni kukiingia giza. Baadaye kidogo Sun Simiao, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 682, aliwaagizia wagonjwa wa macho dawa zenye ini la mnyama. Sababu aliyokuwa nayo ni kwamba, katika tiba ya Kichina, ini ndilo linalotawala macho. Sisi leo tuna sababu nyingine: ini ndiyo ghala la vitamini A, na bila vitamini A jicho haliwezi kuona katika mwanga hafifu. Sababu ni mbili tofauti, chakula ni kile kile, na mgonjwa alipata nafuu.

Rovu ni mfano wa pili. Rovu si upungufu wa vitamini bali wa madini ya iodini, ila ni ndugu wa karibu. Ge Hong, aliyeishi katika karne ya nne, aliagiza mwani wa baharini uliolowekwa katika pombe kwa watu waliovimba shingo. Mwani una iodini nyingi. Kazi hiyo leo inafanywa na chumvi tunayonunua dukani, ambayo kwa sheria ya Kenya ni lazima iwe na iodini.

Mfano wa tatu unatuhusu watu wa Afrika Mashariki. Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika baadaye kwamba mabaharia wa meli za Kichina walipanda mboga na tangawizi katika mapipa ya mbao melini. Baharia mwenye mboga mbichi hapati kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu ufizi unaoletwa na ukosefu wa vitamini C. Mwaka 1498 mabaharia wa Vasco da Gama walifika pwani yetu baada ya kiseyeye kuwasumbua njiani. Mombasa walipelekewa machungwa na ndimu, na wagonjwa wakapata nafuu. Mwandishi wa safari hiyo alisifu hewa nzuri ya Mombasa. Tiba ilikuwa chungwa, sifa ikapewa hewa.

Jambo hilo tulishike, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Mtu anaweza kupona kwa chakula halafu akashukuru kitu kingine kabisa. Na akishukuru kitu kisichohusika, kesho atakinunua kitu hicho na kukiacha chakula.

Sababu ikikosewa

Huenda mtu akauliza: kama mgonjwa anapona, sababu ina umuhimu gani? Ina umuhimu mkubwa. Tazameni ugonjwa wa beriberi, ambao huleta ganzi na udhaifu wa miguu, na mwisho huua moyo. Wachina waliuita qi ya miguu, na wengi wao walidhani unatokana na unyevunyevu na sumu zinazopanda kutoka ardhini. Baadhi yao waliagiza maharagwe, ambayo kweli yana vitamini B1. Katika karne ya nane, Chen Cangqi aliandika kwamba mtu anayekula mchele wa kunata kwa muda mrefu hulegea mwili, na kwamba paka na mbwa wadogo wakilishwa mchele huo miguu yao hupinda wakashindwa kutembea. Alikuwa amekaribia sana kuugundua ukweli, lakini hakukuwa na njia ya kuuhakikisha, na ugonjwa uliendelea kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ilikuwa mpaka miaka ya 1890, kule Java, daktari Christiaan Eijkman alipoona kwamba kuku wanaolishwa mchele uliokobolewa hadi kuwa mweupe wanapooza, na wakipewa mchele wenye ngozi yake wanapona. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Tangu hapo tukajua kwamba kinachokosekana kiko katika ngozi ya nafaka, na tukaweza kuzuia ugonjwa kabla haujaingia nyumbani.

Mfano mwingine ni mtoto mwenye matege. Tiba ya Kichina inasema figo ndizo zinazotawala mifupa, hivyo mtoto aliyechelewa kutembea na mwenye mifupa laini atapewa mitishamba ya kuimarisha figo. Lakini mara nyingi anachokosa mtoto huyo ni vitamini D au madini ya kalsiamu. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua. Hata katika nchi yenye jua kama yetu, mtoto anayefungiwa ndani ya chumba kuanzia asubuhi hadi jioni kwa sababu mama yuko kibaruani anaweza kuikosa. Kila mwezi unaopita akipewa mitishamba tu, mifupa inazidi kupinda.

Na miguu inayowaka moto au kufa ganzi? Huyu anaweza kuwa amekosa vitamini B1, hasa kama ni mtu wa pombe kali kila siku na chakula kidogo. Yule anaweza kuwa amekosa B12, ambayo kwa kawaida hupatikana katika vyakula vinavyotokana na wanyama. Mwingine ana kisukari na hajui. Mwingine anameza dawa za kifua kikuu ambazo humpunguzia vitamini B6. Dalili ni moja, sababu ni nne, na matibabu ni manne tofauti. Hakuna kopo moja litakaloweza kuzijibu zote.

Wachina wenyewe walifanya nini

Kuna watu wanaodhani kwamba Wachina wote hutegemea mitishamba pekee. Si hivyo. Sehemu za kaskazini mwa China zilikuwa na watoto wengi waliozaliwa na mgongo wazi. Kati ya mwaka 1993 na 1995, wataalamu wa China na Marekani waliwafuatilia wanawake karibu 250,000, wengine wakimeza tembe za asidi ya foliki, ambayo ni moja ya vitamini B, mikrogramu 400 kwa siku. Katika eneo la kaskazini, waliomeza tangu kabla ya kupata mimba walipunguza ulemavu huo kwa takriban asilimia 79. Mwaka 2009 serikali ya China ikaanza kuwapa wanawake wa vijijini tembe hizo bila malipo.

Na dawa ya malaria mnayopewa zahanati, ile AL, asili yake ni mmea wa Kichina. Ge Hong, yule yule wa mwani, aliandika kwamba mmea huo unatibu homa. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma maneno yake, akautoa mmea dawa yake mapema miaka ya 1970, ikapimwa na kujaribiwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo hatuna ugomvi na mmea wowote kwa sababu ya nchi ulikotoka. Tunachotaka ni upimwe, kiasi chake kijulikane, na madhara yake yajulikane.

Madhara hayo yapo. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kwamba wanawake waliotumia tembe za kupunguza unene zenye mitishamba ya Kichina walikuwa wameharibikiwa figo. Mmea mmoja wenye sumu ulikuwa umeingizwa mahali pa mwingine. Wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kitu cha asili kinaweza kuwa sumu. Hata vitamini yenyewe ikizidi ni hatari: vitamini A nyingi mno humdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asimeze vidonge vya vitamini A bila kuagizwa, na asile maini kila siku kabla ya kumuuliza muuguzi.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za asili na tiba mbadala. Dawa, zikiwemo za mitishamba, husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kabla ya kununua, uliza kama bidhaa imesajiliwa. Kama pakiti haina lugha unayoielewa, haisemi ina nini ndani, au muuzaji anakwambia uache dawa za hospitali, irudishe. Na ukiwa tayari unatumia, usimfiche daktari. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua ili tusikupe dawa itakayogongana na hiyo.

Sahani yetu inatosha

Ikiwa kuna jambo moja la kuazima kutoka kwa Sun Simiao, ni hili: alifundisha kwamba tabibu mwema ajaribu kwanza kutibu kwa chakula, na chakula kikishindwa ndipo ageukie dawa. Chakula hicho hakihitaji kuagizwa kutoka Uchina. Tunacho shambani na sokoni.

Kwa vitamini A, tuna viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, papai, maembe, mchicha, managu, sukuma wiki na majani ya kunde. Mboga hizi zipikwe na mafuta kidogo, kwa kuwa bila mafuta mwili hauchukui vitamini A vizuri. Mtoto akipata kipande cha ini mara moja moja, ni jambo jema.

Kwa damu, tule maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu na mboga za kijani. Kamulia ndimu juu ya mboga au kula chungwa baada ya chakula, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini chuma. Na chai, ndugu zangu, ambayo Wachina na sisi tunaipenda sawasawa, isinywewe pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia madini chuma. Ngoja kama saa moja hivi.

Kwa vitamini B1, usiikoboe nafaka hadi iwe nyeupe kabisa. Unga wa kusaga bila kukoboa una faida zaidi. Ukinunua unga wa pakiti, tazama kama umeandikwa kwamba umeongezewa vitamini na madini. Tangu mwaka 2012 sheria inawataka watengenezaji wa unga wa mahindi na wa ngano waongeze virutubishi hivyo, ikiwemo asidi ya foliki, na mafuta ya kupikia yaongezewe vitamini A.

Kwa B12, omena, mayai, maziwa na nyama, hata kwa kiasi kidogo, vinasaidia. Kwa vitamini D, mtoto mchanga atolewe nje apate jua la asubuhi.

Pamoja na chakula, tumieni huduma ambazo tayari ni zenu. Mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 anapaswa kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 katika kituo cha afya cha umma, bila malipo. Angalieni kijitabu chake cha kliniki leo mkifika nyumbani. Mama mjamzito aanze kliniki mapema apate tembe za madini chuma na asidi ya foliki, na azimeze zote. Na msichana anayepanga kupata mtoto asisubiri mimba ionekane, kwani mgongo wa mtoto hufungika katika wiki za kwanza, wengi wakiwa hawajajua kwamba ni wajawazito.

Dalili zisizosubiri

Nimalizie kwa dalili ambazo hazipaswi kusubiri kopo wala mboga. Fika zahanati haraka ukiona mtoto anajikwaa au kupapasa jioni, au macho yake yamekauka na kupoteza ung'aavu. Fika ukiona mtoto amevimba miguu, au amekonda mno. Fika ukiwa mjamzito na viganja na ndani ya kope vimepauka, moyo unaenda mbio, au unahema ukitembea kidogo. Fika miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu. Jicho lililoharibika kwa kukosa vitamini A halirudi tena, lakini likiwahiwa linaokolewa kwa matone machache.

Wahudumu wa afya ya jamii mliopo hapa, naomba mkipita nyumbani kwa watu muulize swali hili moja: kuna dawa gani nyingine humu ndani? Ulizeni kwa upole, msikilize, halafu muwaelekeze.

Wenzetu Wachina walianza na sahani, wakafika maabara, na hawakutupa hata kimoja. Nasi tule vizuri, tupimwe, kisha tuamue.